Barua ya wazi kwa Waziri wa Mafunzo ya Ufundi: nionyeshe chuo kinachotoa cheti unachonidai

Mheshimiwa Waziri,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, na katika hali nzuri kuliko hii ninayoiandikia. Jumatatu iliyopita maofisa wa idara iliyo chini yako walikifunga chumba changu cha kuchora tatuu kwa sababu moja tu, kwamba sina cheti cha mafunzo. Nilipowauliza cheti hicho hutolewa na chuo gani, walitazamana, kisha mmoja wao akanijibu kwa upole kuwa hilo ni swali la wakubwa. Kwa hiyo nakuuliza wewe, Mheshimiwa.

Mimi sikuamka siku moja nikashika mashine. Nilikuwa mwanagenzi kwa miaka mitatu bila mshahara, na mwaka wa kwanza wote sikugusa ngozi ya mtu. Nilipiga deki, nilifunika kwa nailoni kila kitu ambacho mkono wa fundi ungekigusa, na nilichora mistari kwenye karatasi mpaka mkono ukaacha kutetemeka. Baadaye nilipewa ngozi bandia ya silikoni, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba wino hutakiwa kukaa katika tabaka la pili la ngozi, kina cha milimita 1 hadi 2 hivi. Ukiishia juu, mchoro hutoka ngozi inapojichubua. Ukizidisha, wino husambaa chini kama tone lililoangukia karatasi ya shashi, na mteja hubaki na doa maisha yake yote. Ngozi ya mbavuni haifanani na ya bega, na tofauti hiyo husikiwa kwa vidole, chini ya jicho la fundi.

Fundi huyo alinifunza pia mambo ambayo, kwa heshima zote, nilidhani ni kazi ya wizara. Virusi vya hepatitisi B, homa ya ini inayoambukizwa kwa damu, huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo sindano na kikombe cha wino ni vya mteja mmoja, kisha hutupwa. Kifaa kinachorudiwa husuguliwa kwanza, halafu hutiwa katika mashine ya mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika zisizopungua 15. Chanjo zangu nilizilipia mwenyewe. Maofisa wako hawakuniuliza lolote kati ya hayo, wala hawakuifungua hiyo mashine.

Wiki moja kabla yao alinijia kijana ambaye mkono wake ulikuwa umevimba na kutoa usaha, akitaka nimfunikie tatuu aliyochorwa chumbani kwa rafiki yake mwenye mashine ya kuagiza mtandaoni. Nilimpeleka hospitali. Huyo rafiki hajafungiwa mpaka leo, nadhani kwa sababu hana kibao mlangoni, na idara yako hututafuta kwa kusoma vibao.

Jiji la New York lilipiga marufuku uchoraji wa tatuu mwaka 1961 kwa hofu ya hepatitisi B, na hadi marufuku hiyo ilipoondolewa mwaka 1997 wachoraji walikuwa wakifanya kazi kwa kificho. Jimbo la Oregon, nalo la Marekani, lilichagua kudai saa 360 za mafunzo. Wewe mwenyewe, miaka miwili iliyopita, ulisimama mbele yetu ukasema mtaala uko katika hatua za mwisho, nasi tukakupigia makofi. Hatua hizo, Mheshimiwa, zimekuwa ndefu kuliko uanagenzi wa watu wengine. Huenda kuna mtu ofisini kwako anayeona kazi yetu ni uhuni na ameliweka faili chini ya mengine.

Siombi sheria ilegezwe. Kama mtaala bado, nipe mtihani. Niulize kuhusu ngozi, kuhusu damu, kuhusu mvuke. Nitazame nikipanga meza na nikiipangua. Nipe mtihani, hata kesho asubuhi. Ufunguo wa chumba uko kwa maofisa wako, na sindano nitakazotumia bado zimo ndani, kwenye pakiti ambazo hazijafunguliwa.

Wako mtiifu,
Mchora tatuu asiye na cheti