Jini hakutoka chupani kutuhubiria kuridhika

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nijibu uchambuzi uliochapishwa hivi karibuni na gazeti lako kuhusu filamu za ngano zinazosimulia habari za majini na maombi matatu. Mchambuzi wenu, ambaye kwa kawaida nazisoma kazi zake kwa furaha, alihitimisha kwamba hadithi hizi zote zina funzo moja tu, lile la tamaa mbele mauti nyuma: binadamu aridhike na alicho nacho, kwa kuwa akipewa nafasi ya kuomba ataomba vibaya na kuangamia. Akaitolea mfano filamu ya Three Thousand Years of Longing. Nimeitazama filamu hiyo mara tatu, na naona inasema kinyume kabisa cha hayo.

Kwa faida ya wasioiona, filamu hiyo iliongozwa na George Miller wa Australia, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Cannes mwezi Mei 2022, na chimbuko lake ni hadithi ya mwandishi Mwingereza A. S. Byatt. Tilda Swinton anaigiza kama Alithea, msomi ambaye kazi yake ni kuchunguza masimulizi ya watu wa kila zama, na ambaye anafika Istanbul kuhudhuria mkutano, ananunua chupa kuukuu ya kioo sokoni na kurudi nayo hotelini. Bafuni anaisugua kwa mswaki wake wa umeme, kizibo kinafyatuka, na jini anayeigizwa na Idris Elba anatoka, akiwa mkubwa kiasi cha kukijaza chumba. Anamwambia Alithea aombe mambo matatu. Alithea anajibu kwamba hana haja na chochote, kwamba ameridhika na maisha yake, na kwamba katika visa vyote vya maombi anavyovijua hakuna hata kimoja ambacho si cha kuonya.

Hoja ya mchambuzi wenu, basi, imewekwa kinywani mwa Alithea tangu mwanzo, na muda wote unaobaki filamu inaifumua hoja hiyo uzi mmoja mmoja. Jini haamini kwamba mbele yake yupo kiumbe asiyetamani kitu, nasi watazamaji taratibu tunaacha kuamini pia. Tunamwona mwanamke aliyeachwa na mumewe, anayeishi peke yake, ambaye utotoni alijitungia rafiki wa kufikirika kwa sababu hakuwa na mwingine. Alichokiita kuridhika ni ukuta alioujenga ili asiumizwe tena, na watu wengi tunaowajua wamejenga ukuta kama huo, wakasifiwa kuwa wametulia.

Tena yapo masharti ambayo uchambuzi uliyapita haraka mno. Alithea hawezi kuomba nyongeza ya maombi, hawezi kuomba aishi milele, wala hawezi kuomba mateso yote ya dunia yakome. Zaidi ya hayo, anachokiomba lazima kiwe haja ya moyo wake kwelikweli, na maombi yote matatu yasipotimia, jini hawi huru. Kwa sharti hilo hadithi inageuka. Katika ngano nyingi tulizolelewa nazo, mwombaji ndiye mwenye shida, naye mtoaji hana hasara awe ametoa au amenyima. Hapa jini mwenyewe ni mfungwa, na ufunguo wa kifungo chake umo ndani ya moyo wa mtu anayedai hataki kitu. Kuridhika kwa Alithea, kungekuwa kwa kweli, kungekuwa hukumu ya kifungo cha maisha kwa mwenzake. Sijui ni vipi filamu iliyojengwa juu ya sharti hilo inaweza kusomwa kuwa mahubiri ya kutotamani.

Ili kumshawishi, jini anamsimulia jinsi alivyofungwa mara tatu, kuanzia enzi za Malkia wa Sheba na Mfalme Sulemani. Visa viwili vinavyofuata vinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa maana huko ndiko mtu angetarajia kuikuta ile tamaa inayoua.

Gülten ni kijakazi katika kasri la Sultani Suleiman wa Dola ya Uthmania, na anaomba apendwe na Mustafa, mwana wa Sultani, kisha aomba amzalie mtoto. Anaangamia, ni kweli. Lakini tutazame kinachomwangamiza. Mustafa, kama historia inavyoshuhudia, aliuawa mwaka 1553 kwa amri ya baba yake, kutokana na fitina za kugombea kiti cha enzi, na Gülten anafagiliwa na wimbi hilohilo. Kosa lake liko wapi? Alimpenda mtu. Kama tukisema tamaa ndiyo iliyomuua, tunawaondolea lawama waliotuma wauaji na kumbebesha mjakazi.

Zefir, ambaye kisa chake ni cha karne ya 19, ni mke kijana wa mfanyabiashara mzee aliyemfungia ndani, naye anaomba elimu. Haombi dhahabu wala urembo, anataka kujua. Anapewa vitabu, anachora, anapiga hesabu, anabuni vyombo, na jini anampenda kwa mapenzi ambayo polepole yanageuka kuwa ulinzi, kisha ulinzi unageuka kuwa kifungo kingine. Mwishoni, kwa hasira, Zefir anatamka kwamba laiti angesahau kama aliwahi kukutana naye, na papo hapo anasahau, huku jini akiwa chupani. Mara ya pili nilipoitazama filamu hii nilikuwa na mama yangu mzazi, mtu asiyependa kusemasema wakati wa filamu, na hapo aliniomba nisimamishe. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: «Mwanangu, huyu binti hakuomba kusahau. Aliomba mlango ufunguliwe.» Sijasoma uchambuzi wowote uliolieleza tukio hilo vizuri kuliko mama.

Ni haki kukiri kwamba funzo analolisema mchambuzi wenu lipo katika ngano, na ni la zamani. Mwaka 1693 Mfaransa Charles Perrault alichapisha kisa cha mkata kuni aliyepewa maombi matatu, la kwanza akalipoteza kwa kutaka soseji, la pili kwa kuigandisha soseji hiyo puani mwa mkewe, na la tatu kwa kuiondoa. Ndugu wawili wa familia ya Grimm, katika mkusanyo wao wa mwaka 1812, walileta kisa cha mke wa mvuvi aliyepanda kutoka kibandani hadi ikulu, akataka hatimaye kuamuru jua na mwezi, akarudishwa kibandani. Mtaka yote hukosa yote, tunaambiwa. Lakini tuangalie ni nani anayechekwa humo: mkata kuni na mke wa mvuvi. Ni maskini ndio wanaooneshwa kwamba hata wakipewa hawajui kupokea. Nami nakataa mafunzo ya aina hiyo yaendelee kupakuliwa kama hekima. Zaidi ya hapo, ngano hazikukubaliana zote. Kisa cha Aladini, ambacho Antoine Galland, Mfaransa aliyetafsiri Alfu Lela U Lela, alikisikia jijini Paris mwaka 1709 kutoka kwa Hanna Diyab, Msiria wa Aleppo, kinamhusu kijana fukara anayetamani makubwa, anayapata, na haadhibiwi kwa kuyatamani.

Mchambuzi aligusia pia kwamba sayansi imethibitisha kuwa bahati ya ghafla haimpi mtu furaha. Nadhani alikuwa na utafiti wa Marekani wa mwaka 1978 akilini, ambao uliwalinganisha washindi wa bahati nasibu na majirani zao na kuona kwamba hawakuwa na furaha kuliko wengine. Washindi hao walikuwa 22 tu. Utafiti mkubwa zaidi wa Uswidi, uliochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha maelfu ya washindi, uligundua kwamba waliopata fedha nyingi waliendelea kuridhika zaidi na maisha yao kwa muda wa zaidi ya miaka 10, ingawa furaha yao ya siku hadi siku haikupanda kwa kiwango hicho. Kwa hiyo suala hili halijafungwa, na haifai kumwambia mwenye shida kwamba wataalamu wamethibitisha shida yake haina uhusiano na huzuni yake.

Filamu yenyewe ina kasoro, wala sitaificha. Alithea anapoomba kwamba yeye na jini wapendane, wanahamia London, na sehemu hiyo imeharakishwa. Baada ya saa nzima ya masimulizi yaliyotulia, mambo mazito yanapitishwa kwa dakika chache. Hata hivyo, hapo ndipo ninapopata jibu ambalo mchambuzi wenu hakulitafuta. Hewa ya jiji, iliyojaa mawimbi ya simu na mitambo, inamdhoofisha jini mpaka anaanza kugeuka vumbi. Alithea anatambua kwamba penzi alilolipata kwa kuomba linamshikilia mwenzake mahali panapomuua. Ombi lake la mwisho ni kumwachilia arudi kwao. Anaomba, Mhariri, harudi nyuma na kujifunza kunyamaza. Ombi hilo la tatu ni kubwa kuliko mawili ya kwanza, na angeshindwa kulitamka kama angebaki na ule utulivu wake wa hotelini Istanbul.

Na baadaye jini anarudi kumtembelea, bila chupa, bila sharti, kwa hiari yake. Namwomba mchambuzi wenu aitazame tena sehemu hiyo, kisha atuandikie kama bado anaona tamaa imeadhibiwa.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi