Mzee akivunjika nyonga, umri wake ndio sababu ya kumwahisha kwenye upasuaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku lililonikaa tangu nikiwa kazini, na ambalo juzi lilinirudia msibani hapa Ujiji. Mtu mmoja mwenye busara zake alisema mzee wa miaka 80 akivunjika nyonga hapasuliwi, kwa kuwa mwili hauna nguvu tena na kisu kitammaliza. Wote waliokaa naye jamvini waliitikia. Marehemu tuliyetoka kumzika alikuwa kitandani tangu siku alipoteleza uani, na hakuna aliyewahi hata kumkalisha.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu ilipita wodi za upasuaji, mkoani hapa na kwa jirani zetu Tabora. Wazee wa nyonga nimewauguza tangu enzi ambazo tiba yao ilikuwa traksheni tu: mguu unabandikwa plasta, kamba inapitishwa kwenye gurudumu dogo miguuni pa kitanda, mwisho wake unaning'inizwa uzito, na mgonjwa analala chali wiki 6, wakati mwingine 12, akingoja mfupa uunge. Kijana wa bodaboda aliyevunjika paja alivumilia akatoka na magongo yake. Wazee wengi hawakutoka.

Watu wanaposema mzee kafa kwa uzee, mimi najua kilichomuua, kwa sababu nilikuwepo zamu za usiku. Siku za mwanzo analia kila akiguswa, kwa hiyo ndugu wanaona huruma, hawamgeuzi. Asipogeuzwa, ngozi ya makalioni na visiginoni inabanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti. Inakuwa nyekundu, inageuka nyeusi, kisha inafunguka. Nimesafisha vidonda ambavyo ukiondoa gozi unauona mfupa, na mgonjwa mwenyewe anageuza uso ukutani kwa aibu ya harufu. Hapo hapo kifua nacho kinaharibika, kwa kuwa alalaye chali hapumui kwa kina, makohozi yanatuama, nimonia inaingia. Damu ya miguuni inaganda, na bonge likipanda mapafuni mtu anaweza kukata roho huku anazungumza nawe. Wengi hupunguza kunywa maji ili wasiwasumbue wakwe kwa chombo cha haja, kisha mkojo unachafuka, homa inapanda, akili inavurugika, anaanza kuwaita watu waliokufa zamani. Paja alilokuwa akilimia mihogo linasinyaa mpaka suruali inampwaya. Yote hayo ni kazi ya kitanda, na kwa mzee kitanda hufanya kazi hiyo upesi kuliko kwa kijana.

Dalili yake si ngumu kuitambua. Mzee ameanguka, hawezi kunyanyuka, mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umelalia nje. Ukiona hivyo usiuvute wala usiunyooshe. Mfunge miguu yote miwili pamoja kwa kanga, weka mto katikati, mbebe amelala, apelekwe akapigwe picha. Huku kwetu kinachofuata mara nyingi ni mtaalamu wa jadi wa kuunga mifupa na mafuta ya mawese ya moto. Sina ugomvi na wataalamu hao, nimeona mikono ya watoto waliyoiunga ikapona. Lakini nyonga imefichwa chini ya misuli minene, hakuna kidole kinachofika pale. Kumkanda ni kumwongezea maumivu na kuvuja damu kwa ndani, na kila siku ya kukandwa ni siku aliyopoteza.

Kwa nini mfupa huo usiungane wenyewe? Sehemu ya juu ya mfupa wa paja ina kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya kikombe cha nyonga, na chini yake kuna shingo. Mishipa midogo inayokilisha kichwa hicho damu hupanda kwa kuifuata shingo. Shingo ikivunjika vipande vikaachana, mishipa hukatika, na kichwa kinaweza kufa hata mgonjwa akilazwa mwaka mzima. Ndiyo maana kwa mzee daktari wa mifupa kwa kawaida hahangaiki kukiunganisha. Anakitoa na kuweka cha chuma, na kama mzee alikuwa mtembezi na mwenye afya nzuri, anaweza kubadilisha na kikombe pia. Pakivunjika chini ya shingo, damu ipo ya kutosha, ila mfupa unahitaji kushikwa: hapo inaingia skrubu nene na bamba lake, au chuma kirefu kinachopita ndani ya uboho. Mtaani tunaita yote "kuwekewa vyuma", lakini shabaha yake ni moja, mzee aukanyagie mguu huo kesho yake. Hakuna traksheni inayoweza kukupa hilo.

Hofu ya kisu naielewa, na sitamdanganya mtu. Upasuaji huu una hatari. Nchini Uingereza karibu kila mzee wa nyonga hupasuliwa, na mwongozo wao unataka ifanyike siku anayofika hospitali au inayofuata, lakini bado kati ya robo na theluthi yao hufariki ndani ya mwaka, kwa kuwa wengi huanguka wakiwa tayari na moyo mbovu, mapafu mabovu au kumbukumbu iliyopotea. Hata hivyo wenzetu hawajaacha kupasua. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti mkubwa wa wagonjwa karibu 3,000 katika nchi 17, uliolinganisha kuwaingiza thieta baada ya saa 6 hivi na baada ya saa 24. Vifo havikutofautiana, ila kati ya waliowahi ni wachache zaidi waliochanganyikiwa akili, nao walisimama mapema na walirudi nyumbani mapema. Wao wanabishania saa 6 na saa 24. Sisi mzee wetu bado yuko ukumbini mwezi wa pili, tunabishania kama apelekwe.

Mara nyingi ganzi huchomwa mgongoni, mzee anabaki macho, anaweza hata kuzungumza na wauguzi. Presha, sukari, upungufu wa damu, hayo si mambo ya kumrudisha mtu nyumbani "mpaka akae sawa". Ni ya kurekebishwa pale pale wodini, siku hiyo na inayofuata, huku ndugu wanachangia damu.

Sasa nije kwenye vikao vya ukoo, maana huko ndiko siku nyingi zinakopotelea. Mtoto mkubwa yuko Dar, wa pili yuko Mpanda, baba mdogo lazima asubiriwe. Nimeona kwa macho yangu kwamba wanaosema "mwacheni mzee apumzike" mara nyingi ni wanaume walio mbali, na wanaobaki kumgeuza, kumwogesha na kufua shuka usiku ni mabinti na wakwe, ambao kikaoni hawaulizwi. Namkumbuka binti mmoja kutoka upande wa Kalinzi, kitinda mimba. Mama yake alikuwa amepita miaka 80 na kaka zake walikuwa wanasitasita. Aliwapigia simu wote mbele yangu, akamwambia mkubwa wao: "Kaka, anayekataa mama apasuliwe aje yeye amgeuze leo usiku." Rufaa ilikubaliwa jioni ile ile. Yule bibi alibadilishiwa kichwa cha mfupa. Kwenye shamba la kahawa hakupanda tena, lakini chooni alikuwa akienda mwenyewe na fremu yake ya kutembelea, na aliniambia hilo ndilo alilokuwa akimwomba Mungu.

Lawama si za familia pekee. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo, na dirisha la wazee tunaliona hospitalini. Lakini dirisha halitoi vyuma. Katika hospitali moja niliyofanya kazi, familia iliambiwa itafute chuma yenyewe, bei ikajulikana kwa simu ya muuzaji, na kilipofika kikawa si saizi yake. Mzee aliendelea kulala. Kambi za madaktari bingwa zinazozunguka mikoani ni jambo jema na naziombea ziendelee, ila nyonga iliyovunjika leo haiwezi kungoja kambi ya mwezi ujao.

Tena kwetu umbali ni mkubwa. Kwa reli, Kigoma hadi Dar es Salaam iliko MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, ni zaidi ya kilomita 1,200, na hospitali ya Bugando kule Mwanza nako si karibu. Mwenye nyonga iliyovunjika hakai kwenye kiti cha basi. Kwa wajawazito nchi yetu imeweza kuweka utaratibu wa m-mama: simu inapigwa, usafiri unatafutwa, hospitali inayompokea inajua anakuja. Sioni kwa nini mzee aliyevunjika nyonga Kasulu au Uvinza asipangiwe utaratibu wa namna hiyo.

Kwa hiyo nauliza kupitia gazeti hili, na nitashukuru wahusika wakijibu. Bohari ya Dawa inaweza kuziwekea hospitali za rufaa za mikoa ya Kigoma na Tabora akiba ya vyuma vya nyonga vya saizi zote, badala ya ndugu kuvitafuta kwa simu? Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, katika utekelezaji wake, itamlipia mzee chuma chenyewe au kitanda na ganzi tu?

Muuguzi mstaafu,
Ujiji, Kigoma