Mwanangu, warfarini isianze peke yake

Mwanangu mpendwa,

Majibu yako nimeyasoma. Una upungufu wa protini C, wa kurithi. Protini hiyo ndiyo breki ya damu isigande ovyo, na wewe unayo nusu hivi. Siku za kawaida inatosha. Haitoshi ukilazwa muda mrefu baada ya upasuaji, ukiwa mjamzito, au ukimeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Hivyo vidonge usiviguse kabisa, mama.

Mguu mmoja ukivimba na kigimbi kikauma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Pumzi ikikata ghafla, au kifua kikichoma unapovuta hewa, usingoje hata saa moja: huenda bonge la damu limefika kwenye mapafu.

Wakikuandikia warfarini, vidonge vya kuzuia damu isigande, waambie mapema una tatizo gani. Dawa hiyo hushusha vitu vinavyogandisha damu, lakini hushusha na protini C, tena ndiyo inayotangulia. Nusu ya protini C huisha mwilini kwa saa 8 hivi. Prothrombini, kimoja cha vitu vinavyogandisha damu, huchukua zaidi ya siku 2. Kwa hiyo siku za mwanzo damu yako huganda kwa urahisi kuliko kabla ya kumeza dawa. Vimishipa vya ngozi huweza kuziba, na kati ya siku ya 3 na ya 10 ngozi ya matiti, mapaja au matako huanza kuuma, kisha huwa nyeusi na kufa. Kwenye ngozi yetu wekundu wa mwanzo hauonekani vizuri, basi sikiliza maumivu. Hapo warfarini husimamishwa mara moja, na hutolewa vitamini K, heparini (dawa ya sindano ya kuzuia damu isigande), na protini C yenyewe, au plazma (maji ya damu) kama haipatikani.

Kinga yake ni sindano kwanza. Enoksaparini, aina ya heparini, figo zikiwa nzima, ni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12, chini ya ngozi ya tumbo. Ukiwa na kilo 60, ni miligramu 60 asubuhi na 60 usiku. Warfarini huingizwa kwa dozi ndogo huku sindano zikiendelea. Sindano zisiachwe kabla ya siku 5, wala kabla INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, haijafika 2 na kubaki hapo saa 24. INR ikipanda siku ya 3, usikubali ziachwe: hiyo ni faktori ya 7 tu, kimoja cha vitu vinavyogandisha damu, iliyoshuka, kinga kamili bado.

Mdogo wako naye apimwe, akiwa hatumii warfarini, maana dawa yenyewe hushusha kipimo na majibu yatadanganya.

Mama yako