Risala ya wahitimu wa uhandisi ujenzi kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Tunakukaribisha kwa heshima katika mahafali yetu, na tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi. Maendeleo ya masomo na michezo Mkuu wa Chuo amekwisha kuyaeleza. Sisi tunaomba muda huu tuutumie kwa jambo moja linalotukaa rohoni.

Tulikuwa watoto wa shule ya msingi Ijumaa Kuu ile ya tarehe 29 Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilipoanguka. Watu 36 walikufa. Ilielezwa baadaye kuwa kibali kilikuwa cha ghorofa 10, nalo likapandishwa hadi 16. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo, siku ya biashara, na waliofukiwa wakawa wanawasiliana na waokoaji kutoka chini ya kifusi. Safari hii tulikuwa tunasoma uhandisi, na hatukuweza kusikiliza habari ile kama watu wa pembeni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mimi ninayeisoma risala hii nina jambo langu, na wenzangu wamekubali niliseme. Nilipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, katika saiti nisiyoitaja, tulimwaga zege la slabu, yaani sakafu, ya ghorofa ya tatu. Jua lilikuwa kali, zege likaanza kukaza. Fundi akapaza sauti: "Ongeza maji!" Ikamwagwa ndoo, ikaja nyingine. Zege likalainika kama uji, kazi ikakimbia. Walimu wetu wametufundisha kuwa maji yanayozidi hukauka yakaacha vitundu ndani ya zege, na nguvu hupotea humo. Lakini kilichoniumiza zaidi kilikuwa pembeni. Kijana mmoja alikuwa akichanganya karai lake peke yake, saruji nyingi na maji kidogo. Hilo ndilo lililojazwa kwenye michemraba ya milimita 150 ya kupelekwa maabara. Siku ya 28 michemraba ikavunjwa kupimwa nguvu, ikafaulu, ripoti ikagongwa muhuri. Zege la slabu yenyewe halikupimwa na mtu.

Nilinyamaza. Kitabu changu cha mafunzo kilikuwa kinasubiri sahihi ya msimamizi huyohuyo. Jengo limekwisha, na watu wamehamia.

Darasani tulisoma kisa cha hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Marekani. Tarehe 17 Julai 1981 vijia vilivyoning'inizwa ndani ya ukumbi viliporomoka juu ya watu waliokuja kucheza dansi, wakafa 114. Mchoro wa kwanza ulikuwa na fimbo ndefu za chuma zinazobeba vijia viwili kwa pamoja. Kila fimbo ikabadilishwa kuwa mbili fupi, na maungio ya kijia cha juu yakabebeshwa mzigo mara mbili. Mchoro ukapitishwa bila hesabu kurudiwa. Hakuna aliyekusudia kuua mtu. Walipitisha karatasi tu. Tangu tusome kisa hicho hatuwezi kuitazama sahihi ya mhandisi kama wino. Mama anayelaza mtoto ghorofani hamjui aliyepiga hesabu za nguzo zake, na hana namna ya kuzikagua. Amelala kwa kumwamini mtu asiyemjua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bodi ya Usajili wa Wahandisi huwaapisha wahandisi, nasi tunatamani siku hiyo ifike. Ila majaribu hayangoji kiapo; yanamkuta kijana akiwa bado mwanafunzi, hana cheo wala mshahara. Tunaomba utusaidie kufikisha kilio chetu panapohusika: mwanafunzi aliyeko saitini apate mahali pa kutoa taarifa bila kuhofia alama zake, na kitabu chake kisisainiwe na msimamizi wa saiti peke yake, mwalimu wa chuo naye afike, aone. Chuo nacho tunakiomba kituongezee siku za maabara, kwa kuwa wengi wetu tumevunja mchemraba mara moja tu tangu tuanze masomo.

Ombi la mwisho ni langu. Naomba baada ya sherehe unielekeze niende kwa nani kuhusu slabu ile. Tarehe ya kumwaga zege ninayo, niliiandika siku hiyohiyo kwenye kitabu changu.

Tunaomba kuwasilisha.