Joka na vyuma vya Wawel

Kraków, Polandi

Rafiki yangu mpenzi Rehema,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na wote hapo Tengeru. Mimi ni mzima. Uliniuliza kama hawa Wapolandi, ambao ndugu zao waliokimbia Vita vya Pili vya Dunia wamezikwa hapo kwenu, wana visa vya kale. Wanavyo, tena vya kukesha.

Kando ya mto Vistula kuna kilima cha mawe ya chokaa, Wawel, na chini yake pango. Inasimuliwa kwamba enzi za mfalme Krak humo liliishi joka lililodai ng'ombe kila wiki. Siku hizi watoto huambiwa kuwa fundi viatu, Skuba, alijaza salfa ndani ya kondoo. Joka likammeza, likashikwa na kiu, likanywa maji ya mto mpaka likapasuka. Lakini askofu Wincenty Kadłubek, aliyekiandika kisa hiki miaka 800 hivi iliyopita, hana fundi viatu. Kwake wauaji ni wana wawili wa mfalme, kisha mdogo anamuua kaka yake apate kurithi, anasingizia joka. Mimi napenda hiki cha kale, kwa sababu hakimwonei haya binadamu.

Ng'ambo ya mto kuna kichuguu cha udongo cha mita 16, wanachokiita kaburi la Krak. Eti watu walibeba udongo wake katika mikono ya nguo zao. Wanaakiolojia walianza kukichimba mwaka 1934, wakafika hadi chini. Mfalme hawakumkuta. Walichokuta ni nguzo katikati na fito zilizosukwa kuzuia udongo, kama ukuta wa nyumba ya miti kwetu. Pambo la mkanda la karne ya 8, la Waavari, watu wa kale wapanda farasi. Na upande wa juu, mizizi ya mwaloni ulioishi miaka 300 hivi. Wataalamu wengine wanaona ulikuwa mti wa ibada, ukakatwa Ukristo ulipoingia. Hapo nilisisimka mwili.

Ila kilichonikaa moyoni zaidi ni hiki. Mwaka 1979, mtaa wa Kanonicza, chini tu ya Wawel, vilifukuliwa vyuma 4,212 vyenye umbo la shoka, vya karne ya 9, zaidi ya tani tatu na nusu! Havikuwa vya kukatia kuni. Vilikuwa mali ya kubadilishana, kama fedha. Hebu fikiria makaa yaliyochomwa, mivukuto iliyopulizwa, wahunzi waliofua kimoja kimoja, kabla Polandi haijawa dola. Hadithi zote zinamtaja mfalme na wanawe. Mhunzi hatajwi hata mara moja, na utajiri wa kilima ulitoka mikononi mwake.

Ukiwasimulia wanafunzi wako, joka waambie, watalifurahia. Kisha wape hesabu ya vile vyuma, wavigawe kwa mizigo ya punda, waone inatoka misafara mingapi. Niandikie majibu yao.

Wako akupendaye,
Zawadi