Mbao za nyumba kongwe zisigeuzwe kuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wenye majumba yanayovunjwa Mikindani, Lindi mjini na Kilwa Kivinje, pamoja na mafundi seremala wenzangu wa mikoa hii miwili. Nyumba ya mawe na chokaa ikibomolewa, mawe hayakosi mnunuzi, bati hali kadhalika. Fremu za milango, mashata ya madirisha na vizingiti vya mkongo, mvule au mninga hurundikwa kando, mwishowe vinaishia jikoni kwa mama lishe. Inauma sana. Mti kama huo ukiupata leo ni mbichi, na mbao ya unene wa inchi mbili itakaa kivulini mwaka na zaidi kabla haijatulia. Ile ya fremu ilishanywea zamani.

Najua kwa nini mafundi wanaikwepa. Wenye karakana za mashine hawataki hata kuiona, na wana haki: msumari mmoja uliojificha unaweza kuvunja kisu cha mashine, na kipande kikiruka kinamtoa mtu jicho. Ndiyo maana nasema kazi hii ni ya mkono. Randa ya mkono ikigonga msumari hupata pengo dogo tu, ukanoa ukaendelea.

Kwanza, msumari usiuvute kwa mbele. Geuza mbao, nyoosha ncha iliyokunjwa, igonge kwa panchi mpaka kichwa kiinuke upande wa pili, ndipo uung'oe kwa nyundo ya makucha, na chini ya nyundo uweke kibao ili uso wa mbao usibonyee. Kichwa kikiwa kimeliwa na kutu, usukume wote utokee nyuma. Iliyokatikia ndani itafute kwa sumaku ya spika mbovu: ifunge uzi, ipitishe taratibu juu ya mbao, itavutwa penye chuma. Doa jeusi kwenye nyuzi nalo ni dalili. Zungushia chaki kila unapopata.

Kisha pima uzima wa mbao. Chomeka ncha ya bisibisi pembeni ubandue kibanzi. Kikitoka kirefu chenye nyuzi, mbao ni nzima. Kikikatika kifupi kama mkate mkavu, imeoza. Boriti za mikoko huanzia kuoza kwenye ncha zilizolala ndani ya ukuta, kwa kuwa ukuta hushika unyevu. Kata mpaka ukute nyuzi ndefu. Matundu madogo ya bungua yasikutishe yakiwa makavu. Ukigonga ukaona unga mpya unadondoka, wadudu bado wamo, na mara nyingi wamo kwenye ile sehemu nyeupe ya pembeni. Ipasue uitoe yote.

Mbao za majahazi na mashua ni habari nyingine. Zimejaa chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewani. Ukizitengenezea kabati litatoa jasho na skrubu za chuma zitaliwa. Ziache nje zioshwe na mvua zetu za Desemba mpaka Aprili, kisha zipange kivulini kwa vijiti kila futi moja na nusu. Hata hivyo mimi ningezitumia kwa mabenchi ya barazani na skrubu za shaba.

Kuranda ndiko kunakowashinda wengi. Mvule na mninga nyuzi zake zimepishana, tabaka moja linalala huku, la pili kule, kwa hiyo randa lazima ing'oe mahali fulani. Chuma cha randa kinolewe kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, kile cha juu yake kisogezwe karibu kabisa na makali, na uondoe mbao kidogo kidogo. Ikigoma, achana na randa. Kata kipande cha bati la msumeno mbovu, upana wa kiganja, kiwe kikwangulio chako. Nyoosha ukingo wake kwa tupa na kinoo, halafu ukandamize kwa mgongo wa patasi mpaka ukipapasa usikie kijino kimejikunja. Kipinde kidogo kwa vidole gumba, sukuma. Kikitoa maranda membamba, kimekaa sawa. Kikitoa vumbi tupu, kijino kimekufa, rudia. Mvule pia huweza kuficha mawe, chokaa iliyoganda ndani ya mti wenyewe. Sumaku haiyaoni. Ukisikia mkwaruzo na chuma kimepata pengo pasipo na kutu, ndiyo hayo. Yachimbe kwa patasi kuukuu.

Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua, basi funika pua. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi: usizipige msasa zikiwa kavu wala kuzichoma, zilowanishe, zikwangue, ukusanye mabaki mbali na watoto.

Kwenye viungo, ulimi, ile ncha inayoingia kwenye tundu la mbao ya pili, uwe theluthi ya unene wa mbao. Tundu la kigingi kwenye ulimi litobolewe milimita moja au mbili karibu zaidi na bega, pale ulimi unapoanzia, kuliko lile la mbao inayoupokea, kigingi kikiingia kinavuta kiungo chenyewe. Gundi ipakwe siku hiyohiyo uliyoranda. Na usipige msumari bila kutoboa kwanza, mbao hii itapasuka.

Milango ya nakshi isikatwe vipande kwa hali yoyote. Waulizeni kwanza watu wa Mambo ya Kale. Kwa fremu za kawaida, mwiteni seremala kabla ya siku ya kubomoa. Akikata chokaa pembeni kwa patasi ya mawe, fremu hutoka nzima pamoja na bawaba zake. Mtaimbo huipasua kwenye viungo, na hapo zile futi saba zinabaki vipande vya futi mbili mbili.

Fundi seremala,
Mikindani, Mtwara