Barua kwa Baba na Mama: kwa nini ubingwa wangu unachelewa

London, Novemba

Baba na Mama, shikamooni.

Mimi sijambo, ila baridi imekwisha kuanza kuuma, na ninatumaini barua hii itawakuta wazima hapo Muheza, pamoja na shangazi na mguu wake. Nimeamua kuandika kwa sababu swali aliloniuliza Baba Jumapili, kwamba wenzangu niliosoma nao Muhimbili wamekwisha kuwa madaktari bingwa ilhali mimi kila mwaka nasema bado nipo mafunzoni, halijibiki kwa dakika tano za simu inayokatikakatika, na pia kwa sababu jibu lake linagusa mfuko wa nyumbani.

Mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya watoto hapa Uingereza huchukua takriban miaka 7, wakati Muhimbili ni miaka 3, kwa hiyo hata bila utafiti ninaoufanya sambamba ningekuwa bado njiani. (Hadi Septemba 2024 sote tulio mafunzoni tuliitwa madaktari wadogo, hata mwenye mvi na watoto wa sekondari; jina limebadilishwa, zamu za usiku zimebaki vilevile.) Nafasi niliyoipata mimi inagawanya muda wangu: robo tatu natibu, robo moja nafanya utafiti, kwa muda wa miaka 3, na inagharamiwa na taasisi ya taifa ya utafiti wa afya, NIHR. Njia hii ilichorwa na ripoti ya mwaka 2005 ya kamati iliyoongozwa na Mark Walport, baada ya kuonekana kwamba daktari kijana aliyetaka kuwa mtafiti hakuwa na njia ya kufuata inayoeleweka. Lakini tathmini ya kila mwaka haimwonei huruma mtafiti, kwani ujuzi wa wodini ninaotakiwa kuuthibitisha ni uleule wa mwenzangu asiyegusa utafiti, na mitihani ni ileile.

Baba, umekaa zamu miaka mingi, nawe unajua kwamba wodi haijui robo. Mwaka wa kwanza siku yangu ya utafiti ilikuwa Alhamisi, na sikumbuki Alhamisi nne mfululizo zilizopita bila mtu kuniomba nizibe pengo la mwenzetu aliyeugua. Nilikubali kila mara, kwa sababu mgonjwa yupo mbele yako na utafiti upo kwenye kompyuta. Mwaka wa pili nikaomba robo yangu niipate kwa mkupuo, miezi mitatu mfululizo, na hapo ndipo kazi ilipoanza kuonekana.

Niwaeleze jambo moja ambalo bado linanikaa moyoni. Usiku mmoja wa Februari aliletwa mtoto wa miaka miwili, homa kali, mikono na miguu baridi, na tulipokwisha kumtuliza nilikaa na mama yake kumweleza utafiti wetu wa maambukizi ya damu, ukurasa baada ya ukurasa. Aliniuliza kama damu hiyo ya ziada itamsaidia mwanawe. Nikamjibu kwamba haitamsaidia yeye. Akatazama kitandani kwa muda mrefu, kisha akaomba kalamu. Nilichukua mililita mbili, nikaweka kichupa kwenye barafu, na nilikuwa na saa moja ya kukifikisha kwenye mashine ya kuzungusha damu. Kabla sijafika mlangoni, kidude cha kuitia madaktari kikalia kiunoni mwangu: wodi ya wazazi, mtoto amezaliwa na hapumui. Nilirudi baada ya karibu saa tatu. Yule mchanga alikuwa amekwisha kulia, alhamdulillahi. Nilipozungusha kichupa, maji ya juu yanayotakiwa kuwa na rangi ya majani makavu yalitoka mekundu kama juisi ya rozela, nami nikaandika kwenye fomu kwamba sampuli imeharibika. Hakuna aliyenilaumu. Ila mama yule alitoa kitu kwa ajili ya watoto asiowajua, nami nikakimwaga.

Mama atauliza, basi kwa nini nisiache. Sababu yangu iko karibu na nyumbani kuliko mnavyodhani. Baba, ulipokuwa tabibu kwenye zahanati ulikuwa ukiwapeleka watoto mahututi hospitali ya Teule hapo Muheza, na huko, pamoja na hospitali za Kenya na Uganda, ulifanyika utafiti uliotangazwa mwaka 2011 kwa jina la FEAST. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa maji mengi ya mshipa kwa haraka, kama vitabu vilivyoelekeza, na wengine wakapewa kwa taratibu tu. Katika saa 48 walifariki takriban 7 kati ya kila 100 waliopewa taratibu, na kati ya waliomiminiwa walifariki kati ya 10 na 11. Madaktari wote tuliokuwa tukimimina tulikuwa na nia njema. Hakuna zamu ya usiku, hata ningekesha miaka 30, ambayo ingenionyesha tofauti ya watoto watatu kwa mia.

Sasa niwaambie niliyoyaficha. Katika miezi ya utafiti sifanyi kazi za usiku, na posho za usiku husimama. Ndiyo maana fedha za Machi hadi Mei zilipungua, nami nikasingizia kodi ya nyumba. Mnisamehe. Nimeomba ufadhili wa shahada ya uzamivu, ambao ushindani wake ni mkali na huenda nikaukosa. Nikiupata, nitatoka kwenye mafunzo ya ubingwa kwa miaka 3 na hali ya fedha itakuwa hivyo kwa muda wote huo, kisha nitarudi kumalizia miaka iliyobaki. Ada ya kitinda mimba wetu hadi kidato cha nne nimeshaitenga, na hiyo haiguswi. Paa la jikoni ndilo litakalosubiri.

Kuna jambo nakuomba, Baba. Katika maombi yangu natakiwa kueleza jinsi matibabu yanavyobadilika, au yasivyobadilika, mahali ambapo dripu hupimwa kwa macho na saa ya mkononi. Wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu matone nikiwa darasa la sita. Niandikie unavyokumbuka: matokeo yale yalipotoka, kuna aliyekuja zahanati kuwaambia mpunguze? Nani, na mlimwamini? Andika kwa mkono, mdogo wangu apige picha anitumie kabla ya tarehe 10 Desemba.

Nisalimieni majirani wote. Mama, yale mafuta ya nazi yamefika, ingawa kifuniko kimoja kilifunguka na koti langu linanukia mpaka leo.

Binti yenu